Kilichokaa Pasipo Pake

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza hasira na usingizi unakuja. Huku sote wazima isipokuwa mimi, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungenisimanga.

Unakumbuka maumivu ya nyonga niliyosema yanatokana na kubeba trei za mikate? Wiki iliyopita nilipigwa altrasaundi. Kizazi hakina tatizo, lakini upande wa kulia, chini kabisa, wameona uvimbe wa saizi ya ngumi. Daktari hajui ni wa nini, kwa hiyo nitapasuliwa tarehe ishirini na tisa. Akishafungua, ikibidi kizazi nacho kitoke, kitatoka. Aliyasema hayo huku anatafuta kalamu. Shangazi, nina miaka thelathini na tatu na bado sijaitwa mama. Naogopa.

Nimekunakilia ripoti yote, neno kwa neno, maana najua utaitaka.

Mwanao,
Chachu

11 Machi

Chachu wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, nami ni yule yule. Umefanya vizuri kuandika, ila ungelia tu. Nani kakwambia mimi jiwe?

Ripoti nimeisoma mara nne. Udaktari siujui. Ninachokijua ni stoo ya vipuri, miaka thelathini na moja. Vijana wangu wakikuta boksi limekaa chini ya ngazi, walikuwa wanaliandika "halijulikani" na kutaka litupwe. Nikawa nawaambia, kabla hujakiita kitu kigeni, zunguka kwanza uone rafu ipi ni tupu.

Sasa tazama mstari wa tisa. "Figo ya kushoto ya kawaida. Figo ya kulia haikuonekana kwa sababu ya gesi." Mistari mitatu chini yake, uvimbe, upande huohuo wa kulia. Labda ni gesi kweli. Labda napiga ramli. Lakini nenda ukaulize figo yako ya pili iko wapi, na usikubali kujibiwa huku unasindikizwa mlangoni. Kuuliza si ujinga.

Shangazi yako

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo, tena kwa magoti yote mawili. Sina kidonda. Jana, siku ya kupasuliwa, nilikuwa bekari natoa mikate.

Nilipouliza, daktari alisema watu ni wengi nje. Nikabaki nimekaa. Niliogopa, lakini sikunyanyuka mpaka akaniandikia nirudi chumba cha picha. Yule mpimaji, mama wa makamo, akanipaka ile jeli ya baridi, akatafuta chini ya mbavu za kulia. Hapana kitu. Akanigeuza ubavu, akatafuta tena. Hapana. Akashuka taratibu mpaka kwenye uvimbe. Akabonyeza kitufe, nikaona kwenye skrini damu ikiingia na kutoka, nyekundu na buluu.

"Hii inafanya kazi," akasema. "Hii ni figo yako, dada. Umezaliwa nayo hapa; ulipokuwa tumboni mwa mama haikupanda juu kama mwenzake. Mara ya kwanza niliangalia nilichotumwa kuangalia. Nisamehe."

Kipimo kikubwa kimethibitisha. Daktari alifuta jina langu kwenye orodha kwa mkono wake, akaniuliza shangazi yangu alisomea wapi. Nikamwambia stoo. Na maumivu yenyewe, wamesema, ni ya trei. Kumbe sikuzisingizia.

Wangekitoa kitu kizima, Shangazi. Wenye vyeti wawili waliisoma karatasi ile, na wewe ndiye uliyeiona. Sina zawadi ya kulingana na hilo. Najivunia kuwa damu yako.

Mwanao,
Chachu

9 Aprili

Chachu wangu,

Marahaba, mwanangu. Nilipofika pale uliposema hukunyanyuka, nililia, tena mbele ya jirani aliyekuja kuomba ungo.

Sifa zako nazirudisha. Mimi niliuliza kwenye karatasi, nimekaa kwangu, mguu juu ya mto. Wewe uliuliza uso kwa uso, huku unaogopa. Sikujua kama ningeweza, na sasa najua kwamba sijaweza.

Nikwambie jambo ambalo baba yako halijui. Mwezi wa nane mwaka jana nami nilipigwa altrasaundi ya nyonga. Nilikuwa nimeona damu, na kwa umri wangu damu si ya kuonekana. Walinipa bahasha nimpelekee daktari. Iko kabatini, imefungwa vilevile. Damu bado inakuja. Ripoti yako nimeisoma mara nne, na yangu nimeshindwa hata kuigusa.

Shangazi yako

14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nyingine nitazileta mwenyewe.

Sikulaumu. Bahasha usiifungue peke yako. Nimeomba ruhusa kazini. Alhamisi asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, na siku hiyohiyo tunakwenda hospitali. Utaogopa, nami nitaogopa, lakini tutakwenda.

Nikifika, nikukute umeshakunywa maji, lita nzima, na usiende chooni. Watataka kukupima upya, na kibofu kikiwa kitupu hawaoni vizuri.

Mwanao