Ndege Yako ya Mbao

Baba Kulwa,

Shikamoo, mume wangu. Sijui kama huko salamu zinafika, lakini kukaa kimya nimeshindwa.

Mvua zimeanza hapa Ushirombo. Mwanetu Kulwa ameifungua tena karakana yako, anatengeneza vitanda. Akipiga randa mbao za mninga, harufu inaingia mpaka jikoni, nami nageuka nikidhani ni wewe unakuja kudai uji.

Siku ya mazishi watani walikutania vibaya. Walizunguka kaburi wamebeba mbao mabegani, wananguruma, "Pisheni, ndege ya Fundi Mwongo inapaa!" Watu wakacheka huku wanalia. Ndiyo mila, nikawapa chao, ila iliniuma. Miaka yote uliwasimulia kwamba padri wa misheni alikuonyesha picha ya ndege kubwa kupita zote, ya mbao, injini nane, imejengwa wakati wa vita chuma kilipokuwa adimu. Ikapaa juu ya maji mara moja tu, chini chini, kisha mwenyewe, tajiri mmoja wa Marekani, akaifungia bandani. "Mbao ipae? Labda ibebwe na mchwa," wakakujibu kilabuni. Nami ukiniuliza nyumbani, nilikuwa nasema, "Haya, tutaona."

Sasa sikia. Juzi nachambua mchele, redio ikasema tajiri yule alishakufa, na ndege yake imetolewa bandani, watu wanakwenda kuitazama. Ya mbao. Injini nane. Nikasimama, mchele ukamwagika wote.

Nilikimbia kumwambia Kulwa. Akaniangalia kwa huruma. Jirani yetu Mama Shija akanishika mkono, akasema, "Pole, dada, ni majonzi hayo." Hakuna mwingine aliyeisikia habari hiyo redioni. Nimeuliza mpaka sokoni, hakuna hata mmoja.

Tangu hapo naiota. Inapita polepole juu ya majaruba ya mpunga, haina kelele, maranda yanadondoka laini juu ya maji. Wewe umekaa dirishani, unatazama mbele. Nakuita, husikii, wala sioni uchungu. Naamka mikono yangu inanukia mninga.

Baba Kulwa, kumbe ulikuwa mpweke hivi. Na mimi nimelala ubavuni pako miaka yote hiyo.

Pumzika, mume wangu. Jumapili, watu wakitoka misa, nitawasimulia tena. Wakinicheka, sitapunguza hata injini moja.

Wako,
Mama Kulwa