Nimeichana Suti ya Mbizi, na Jumamosi Mume Wangu Anaingia Bwawani

Mpendwa Shangazi Agneta,

Naandika nikiwa na haya na nikiwa na haraka, naomba msaada wako, na kwa sababu sitaki kujulikana mume wangu tumwite Levi na mimi uniite Edah. Sisi ni watu wa Bumula, tunalima mahindi na miwa kidogo, lakini mume wangu ana kazi nyingine ambayo sijasikia mwingine anayo huku kwetu, yeye hupiga mbizi. Bomba la bwawa likiziba, pampu ya shamba ikianguka majini, au Mungu apishe mbali mtu akizama, wanamtafuta Levi, kutoka Webuye mpaka Kitale, naye anakwenda na binamu yake Wekoye ambaye hubaki juu akishika kamba.

Kazi hiyo alifunzwa na mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza samaki, na huyo mzungu alipokuwa anarudi kwao mwaka wa 1998 alimwachia mitungi ya hewa, mashine ya kuijaza, na nguo moja ambayo sisi nyumbani tunaiita Suti. Sijui kama umewahi kuona kitu kama hicho, Shangazi. Ni nguo nzima kutoka soksi mpaka shingo, nyeusi, nzito kama turubai, na maji hayaingii ndani. Mtu anavaa sweta na suruali yake ya kawaida, anaingia ndani ya Suti, anafunga zipu inayokata kifua, anazama nusu saa, halafu anatoka na sweta kavu. Siri yote iko shingoni na kwenye mikono, mahali palipo na mpira mwembamba unaobana ngozi. Mpira huo ukipasuka, hiyo si Suti tena, ni gunia la maji lililomfunga mtu ndani, na maji ya Kitale yanatoka mlimani, ni baridi inayoingia mpaka mifupani.

Anayeitunza ni mimi, miaka tisa sasa. Levi akitoka kazini naisuuza kwa maji ya mvua, naigeuza ndani nje, naianika kivulini miguu ikiwa juu, kwa sababu jua linaukausha mpira mpaka unapasuka kama midomo wakati wa kiangazi. Ikikauka napaka poda shingoni na mikononi, natelezesha mshumaa mweupe kwenye zipu, jino kwa jino, halafu naitundika kwenye mti laini darini, mbali na mahindi, maana panya wa Bumula wanakula chochote. Kila miezi mitatu tunaziba mikono kwa chupa za soda na shingo kwa mpira wa watoto, tunaijaza hewa mpaka inasimama kama mtu mnene, tunaipaka povu la sabuni na kutazama panapotoa mapovu, na hapo naweka kiraka cha tyubu ya baiskeli na gundi. Mkono wa kushoto nimeushona na kuuziba mara nne. Mzungu alituachia sheria moja tu ambayo Levi huisema kama amri ya Mungu, kwamba mafuta yasiguse mpira.

Sasa Shangazi, fikiria, miaka tisa unaijua nguo kila mshono na hujui inafanya nini kule chini. Nilikuwa namuuliza Levi kukoje, anasema, "Kuko matope tu, Mama Phelista, hakuna kitu ya kuona." Lakini mtu akitoka mahali penye matope tu mbona anakuwa mtulivu vile, anakaa na chai yake saa nzima bila kusema neno, na uso wake uko sawa kabisa? Hilo swali lilinila. Nilianza kuivaa nyumbani mlango ukiwa umefungwa, natembea ndani ya nyumba kutoka kitandani mpaka mezani, nacheka peke yangu.

Mwezi wa Desemba Levi alikwenda Kitale kutazama bwawa la shule moja ambalo bomba lake limeziba, watoto walikuwa kwa nyanya yao, nikabeba Suti ndani ya gunia mpaka kidimbwi cha samaki cha jirani yetu ambacho hakinifiki kidevuni. Shida ni kwamba nilikuwa nimesukwa kwa ajili ya Krismasi, nywele ndefu hizi za kuongezea, na kichwa kilikataa kupita shingoni. Nikajipaka mafuta ya kujipaka, yale mazito ya mkebe, kichwani na kwenye mpira wote, na kichwa kikapita. Nilijua sheria na nilipaka.

Niliingia majini mpaka mabegani. Shangazi, sijui nikuambie vipi. Maji yalinishika miguu yote kwa wakati mmoja, yakapanda mapajani, yakanibana kiunoni kama fundi cherehani anayekupima, na mimi bado ni mkavu. Nilisikia baridi iko pale pale upande wa pili, inagonga, na haiingii. Nikainua miguu na sikuzama. Samaki walikuja wakanigusa vidole kupitia soksi. Nilikaa hapo nikasahau kama nina sufuria jikoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa uso wa mume wangu akiwa na chai yake.

Halafu nikasikia kengele ya baiskeli barabarani, nikadhani ni yeye, nikatoka mbio, nikavua kwa kuvuta, msuko mmoja ukanasa, na shingo ikachanika, urefu wa kidole changu cha shahada. Hakuwa Levi, alikuwa mtu wa maziwa.

Nikaweka kiraka kama kawaida. Siku ya pili kingo zake zikaanza kuinuka. Nikaweka kingine, nacho kikainuka. Nikaibeba ndani ya gunia mpaka Bungoma kwa Bashir, fundi wa baiskeli aliye karibu na msikiti, nikamtolea shingo peke yake nikamdanganya kwamba ni mpira wa mashine ya kusaga. Akaivuta kidogo kwa vidole, akainusa, akatikisa kichwa. "Mama, hii kiraka haiwezi shika. Mpira imekunywa mafuta. Leo imeshika, kesho ikipata baridi itaachana tu."

Nilirudi nyumbani nikaweka kiraka cha tatu, kikubwa, nikakipaka poda nyingi. Jumapili Levi alitoa Suti darini, na kama anavyouliza kila mara kabla ya kazi, kwa sababu yeye haangalii, ananiuliza mimi, akasema, "Iko sawa?" Nikasema iko sawa. Miaka tisa sijawahi kumdanganya kuhusu Suti. Alinishukuru.

Kazi ni Jumamosi hii kabla shule hazijafunguliwa. Siogopi kipigo, Levi si mtu wa kupiga. Ninachoogopa ni kwamba ndugu yake alizama mto Nzoia na akapatikana siku ya nne, ndiyo maana akajifunza hii kazi, na tulipooana aliniapisha nisiingie kwenye maji peke yangu bila mtu wa kushika kamba. Nikimwambia Suti imechanika itabidi nimwambie ilichanikaje. Tena najua kichwa chake, ameahidi shule, anaweza kusema ni kidole kimoja tu na akaenda hivyo hivyo. Nimewaza kumwambia ni panya. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Na aibu kubwa kuliko zote, Shangazi, ni kwamba hata sasa nikiwa na hofu hii yote natamani kurudi kwenye kile kidimbwi. Je, mimi ni mwanamke wa namna gani?

Edah, Bumula

*

Edah,

Barua yako ililetwa kwa mkono Jumanne. Hukuandika namba ya simu, hukutaja shule, hata majina umeyabadilisha, kwa hiyo nimekaa na roho mkononi siku tatu bila njia ya kukufikia isipokuwa hii. Basi nimeichapisha yote, neno kwa neno, na nimefanya hivyo makusudi. Unaweza kumwita mumeo Levi au Musa, lakini watu wenye suti ya mbizi huko kwenu si wawili. Leo ni Ijumaa na gazeti limefika Bungoma asubuhi. Kuna mtu atakayesoma, acheke, kisha aache kucheka na kumtafuta mumeo. Unikasirikie, nimekubali. Kama umeisoma kabla ya huyo mtu, kimbia ukamwambie mumeo wewe mwenyewe kwanza.

Umeniandikia kurasa nne, mama. Mumeo alihitaji maneno manne tu: nimeharibu nguo, usiingie majini. Hayo ungeyasema Jumapili ukiwa umeshika kikombe. Badala yake ulisema iko sawa, na yule mtu akashukuru. Sitakubembeleza hapo. Kuchana ni ajali. Mafuta ni ukaidi, na ukaidi tunao wote. Lakini kumwambia mtu anayekwenda chini ya maji kwamba nguo yake ni nzima huku fundi amekuambia itaachia, hilo lina jina baya na wewe unalijua, ndiyo sababu hulali.

Na usithubutu kumsingizia panya. Akikuamini, ataweka mtego darini, atabadilisha mpira, na siku nyingine utapaka mafuta tena. Ugonjwa nao utamzuia Jumamosi moja. Jumamosi ya pili utaugua nini?

Sasa kuhusu aibu yako kubwa kuliko zote. Nimeisoma sehemu ya kidimbwi mara tatu, na nakiri nilikuonea wivu. Mimi nina miaka hamsini na sita na sijawahi kuguswa vidole na samaki. Mwanamke aliyeanika nguo miaka tisa akataka kujua inakwenda wapi hana kasoro yoyote, kasoro ingekuwa kutotaka kujua. Unaniuliza wewe ni mwanamke wa namna gani. Wewe ni fundi. Mumeo anaingia majini akitegemea mikono yako, wala sidhani kama amewahi kukaa akaliwaza hilo. Naye ana lake la kujibu. Mtu anayeulizwa miaka tisa kukoje kule chini, kisha anajibu matope tu, amemfungia mkewe mlango, hata kama alifanya hivyo kwa uchungu wa ndugu yake. Mwambie hivyo, lakini si leo. Leo ni zamu yako.

Fanya hivi. Chukua Suti uitandaze mezani, shingo ikiwa juu. Usianze na kidimbwi, usianze na Krismasi. Anza na kiraka: kishike kwa vidole viwili ukibandue mbele yake, aone kinavyotoka. Akishaona, mweleze mafuta, mweleze Bashir, na mwisho mweleze ulipokuwa. Ataona ndugu yake, si wewe. Usimfuate na maelezo, mwache kwanza. Kisha Wekoye apande Kitale leo leo akawaambie watu wa shule kwamba kazi itangoja, na wanafunzi wachote maji kwa ndoo wiki mbili, hawatakuwa wa kwanza. Shingo mpya itafutwe ya mpira safi, na hiyo ya zamani isibandikwe tena hata kwa gundi ya malaika.

Mkishapatana, mwombe akufundishe. Mwombe waziwazi, mchana, na kamba awe ameishika yeye. Akikataa, niandikie tena, na safari hiyo uweke namba ya simu.

Lakini umeniambia unakijua kichwa chake, na mimi nakuamini. Huenda atautazama ule mpasuko na kusema ni kidole tu, ameahidi, atakwenda. Hapo usibishane naye wala usiite wazee. Chukua makasi na uikate shingo ya Suti kutoka juu mpaka pale mpira unapoungana na nguo, mbele ya macho yake, pasibaki pa kuweka kiraka. Najua ninachokuomba. Umeipaka poda hiyo shingo miaka tisa na itakuuma kama kukata nguo ya mtoto wako. Ikate. Halafu wewe ulie ukitaka, naye akasirike akitaka, mkiwa wote wawili nchi kavu.

Shangazi Agneta