Mlango Uliokata Maneno ya Mama

Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto,
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi sana. Hujambo huko uliko? Unalala? Kifua chako na baridi ya huko vinaelewana? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi, watoto ni wazima, na wifi yako ameninunia. Utaona kwamba ana haki.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zetu hupokei na ujumbe wangu huufungui. Sikulaumu. Naona aibu hata kuanza.

Unaujua mtandao wetu wa waya. Tangu nihamishie kisanduku chake chumbani kwa Mama, ili muongee vizuri, ukawa unakatika ovyo, hasa Jumapili. Wifi yako akasema tuite fundi. Nikamjibu, fundi wa nini na mimi nipo? Nikakizima kisanduku, nikakiwasha, nikakigeuza, nikakipandisha juu ya kabati. Wapi!

Basi nikajiaminisha kwamba tunaibiwa. Jumapili ile, ulipokuwa ukimweleza Mama kuwa umeondoka kwa mumeo, mimi nilikuwa chini kwa yule mama fundi cherehani, namfokea mbele ya wateja wake kuwa ananyonya mtandao wetu. Akanitolea simu yake ya vitufe. "Ninyonye kwa hiki, baba?" Watu wakacheka. Nikapanda ngazi nimevimba.

Juu nikakuta picha yako imeganda. Nikamwambia Mama, "Amekukatia huyo. Mwache apoe." Niliropoka tu, sikujua lolote. Mama akaamini kwamba hukutaka kumsikia. Nawe huko, bila shaka, unaamini ni yeye aliyekukatia kwa hasira.

Jana nikaufuata waya kwa mkono, kutoka ukutani. Kufika mlangoni kwa Mama nikaukuta umebanwa hadi ngozi imepasuka. Ni mimi niliyeupitisha penye bawaba, kwa kuogopa kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Mlango ukiwa wazi, mtandao upo. Ukifungwa, kwisha habari. Na Mama huufunga lini? Mnapofika kwenye mambo yenu ya mama na binti, tusiwasikie sisi wengine. Siku ile, uliposema umeondoka, aliinuka akaufunga, akarudi kuketi. Kwa macho yake yale yasiyoona vizuri hakujua kwamba anaongea na picha.

Nimemweleza yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Fundi cherehani nimemwomba radhi mbele ya wateja. Amenisamehe, ila sasa ananiita Bwana Mtandao, na ngazi nzima imelidaka jina hilo. Hayo nastahili. Lakini wewe, siku zote hizi umekaa peke yako ukidhani mama yako amekutupa, kwa ajili ya ujuaji wangu. Nisamehe, mdogo wangu. Nina haya mpaka sijui nitazame wapi.

Waya nimeupitisha kwingine, na safari hii fundi ameitwa.

Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamsalimia shangazi yao. Mungu akufunike, akupe usingizi mzuri.

Mama ameniagiza nikuandikie alichokuambia baada ya kufunga mlango, neno kwa neno: "Umemwacha, basi umemwacha. Umekula leo?" Akasubiri umjibu.

Atakupigia Jumapili. Mjibu.

Kaka yako akupendaye, mwenye makosa yote.