Bomba Juu ya Cherehani

Jumapili, 3 Novemba
Mvua ya saa moja tu, na chumba changu cha kushonea kimejaa maji mpaka kifundo cha mguu. Majora manne ya kitambaa cha sare za shule yamelowa. Maji yote yametoka kwenye paa la gereji ya pembeni — lile paa bapa la zege alilomwaga marehemu mume wangu, lenye tundu moja tu la kutolea maji, na tundu hilo linamwagia ukutani mwangu. Nimepiga hesabu. Paa ni mita nane kwa nne. Mvua ya milimita hamsini ni lita elfu moja na mia sita. Mapipa manane! Juu ya ukuta mmoja niliojenga kwa sindano yangu.

Jioni shemeji Sukhdeo, kaka wa marehemu, alikuwa uani na wenzake wanakunywa yangona, kile kinywaji cha mizizi. Akaniita mbele yao. Ati chumba kile kimekaa pabaya tangu mwanzo. Mvua kubwa ijayo, maji yakiingia tena, nitoe vyerehani, kibomolewe, gari la mwanawe lipate pa kulala.

"Na yasipoingia?" nikamuuliza.

Akacheka. "Yasipoingia, shemeji, sitakitaja tena mpaka siku ya kuchomwa maiti yangu."

Wenzake wote wamesikia. Vizuri.

Jumanne, 5 Novemba
Njia rahisi ilikuwa hii: kuziba tundu la kona ya kushoto, kutoboa jipya kona ya kulia, bomba lishuke kando ya ua mpaka mtaroni. Jana nilimweleza mke wake, Kamini. Mdomo wangu huu! Leo alfajiri kaletwa pandit, kuhani wetu, sala ya mungu Hanumani imefanyika, na bendera mbili nyekundu zimesimikwa juu ya mianzi. Wapi? Kona ya kulia, chini kabisa ya pale nilipotaka kutoboa. Kila mwaka huzisimika mbele ya mlango wake.

Sasa nani atazimwagia bendera za Hanumani maji ya masizi na mavi ya ndege? Si mimi. Na yeye anajua si mimi. Nikakunja mikono, nikasali na wengine, nikala halua yake. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 6 Novemba
Nyuma ni ukuta wa jiko lao. Kulia ni bendera. Kubadili mteremko wa paa zima, hapana — saruji ya sentimita nne tu ni karibu tani tatu, itashuka na paa lenyewe. Imebaki njia moja. Katikati ya chumba changu. Bomba litoke tunduni, lipenye ukuta, lipite chini ya dari, juu ya cherehani, litokee upande wa barabara. Mita sita. Mteremko sentimita sita. Nimechora.

Fundi Waisale kautazama mchoro, kajikuna kichwa. "Mama Ramkali, watu huyakimbia maji. Wewe unayapitisha ndani kama mgeni."

Nikamwambia mgeni anayepita bila kukaa hana shida, wenye shida ni hawa wanaokaa. Akatazama upande wa nyumba ya shemeji, akacheka kimyakimya.

Jumamosi, 9 Novemba
Bomba limekaa! Waisale kapanda na mpira wa bustani, kafungulia maji mpaka mwisho. Yamenguruma juu ya kichwa changu, yakatokea barabarani. Hakuna tone ndani. Shemeji alichungulia dirishani, akaniuliza kama sasa nimehamia chini ya mto. Nikaendelea kushona kola.

Jumanne, 12 Novemba
Sitaki hata kuandika. Manyunyu ya nusu saa, bomba likaziba. Paa likawa bwawa. Waisale alizibua kiwiko cha bomba kwa waya, ukatoka uji mweusi mzito. Masizi ya kiwanda cha sukari. Miezi yote ya kusaga miwa tunayafagia uani, tunayakung'uta kwenye nguo zilizoanikwa. Na mimi, mzaliwa wa Lautoka, mji huu wa sukari, nimejaribu bomba kwa maji safi ya mfereji!

Na shemeji? Alikuwa anapima upana wa mlango wangu kwa hatua.

Jumatano, 13 Novemba
Hasira imenipandisha paani mwenyewe. Nimefagia mpaka zege limeonekana. Halafu dengu zikanipa akili: ukiziosha, mchanga hubaki chini ya sufuria. Basi, kisanduku cha bati pale tunduni, kirefu kwenda chini, na bomba litoke ubavuni juu, si kwenye kitako. Masizi yalale, maji yapite. Kile kiwiko kikali nimekitupa, nimeweka cha mkunjo mpole. Waisale anasema sasa nimpe yeye cherehani.

Ijumaa, 22 Novemba
Inanyesha tangu asubuhi. Redio inasema mto umevuka daraja. Chumba kikavu.

Shemeji kaingia, viatu mkononi, suruali kaikunja mpaka magotini. Alikuja amejiandaa. Kapapasa ukuta. Kainama, kachungulia chini ya meza. Kapitisha kidole kwenye kiungo cha bomba, akakinusa.

"Mvua yenyewe ndogo hii," akasema.

"Basi kaa, shemeji, usubiri kubwa." Nikamsogezea kiti cha wateja.

Kakaa. Kamini kaja mlangoni, kauliza chai aiandae nyumbani au ailete huku. Shemeji akasema huku. Mwenzake mmoja wa yangona akapita amejifunika gunia, akapaza sauti kutoka barabarani: "Sukhdeo, unapimwa gauni?" Nimecheka mpaka sindano imekatika.

Naandika nyuma ya cherehani. Anadhani naandika vipimo. Mvua imezidi, bomba linavuma kama lori la miwa linapanda mlima. Kila likivuma anainua miguu yote miwili, anaishikilia hewani, anatazama sakafu — pakavu — anaishusha polepole. Hajaondoka. Sasa ameiinua tena —