Oili Chafu ya Mama Mkwe

Lusahunga, Jumanne, Julai 1979

Simpi. Hata balozi aje na mgambo, ile oili chafu simpi.

Dereva wa lori alinijazia debe zima bure. Nalowesha tofali kwa oili hiyo, naliwasha uani mpaka moshi uishe, ndipo naliingiza la moto chini ya kitanda cha mama mkwe. Kifua chake na baridi hii, na kuni zenyewe mbichi…

Leo balozi wetu wa nyumba kumi kaja. "Mama Skola, oili hiyo ipakwe nguzo za ghala la kijiji. Mchwa wanatumaliza."

"Nguzo hazikohoi, balozi."

"Unabishana na Ujamaa?"

"Nabishana na wewe."

Mungu anisamehe ulimi. Naogopa, kweli. Lakini akirudi, aliombe debe kwa mama mkwe mwenyewe, akimtazama usoni.