Baba Amerudi, Ila Hana Miguu

Mandalay,
mwishoni mwa mvua

Kaka yangu mpendwa Thurein,

Salamu nyingi zikufikie huko Korea kwenye baridi. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Maji ya mto yameanza kushuka, na Mama anakula vizuri. Anagomba vizuri pia, kwa hiyo afya yake isikutie wasiwasi.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Mama ndiye aliyekataza. Amesema habari hii mtu asiipokee akiwa amesimama, na kwamba kwenye simu wewe ungepiga kelele, mimi ningepiga kelele, na majirani wangefaidi bure. Basi tafuta mahali ukae.

Unajua Mama alivyokuwa tangu Baba atutoke. Chai haonji, duka la vyungu hafungui, ukimsemesha anakuitikia kama mtu aliye chumba cha pili. Halafu asubuhi moja akaamka amechangamka, akaniambia Baba kamjia usingizini. Amenenepa, amestarehe, akamwambia: "Nimefika karibu na Buddha, ila sina miguu." Nilipotoka kuoga nikamkuta amekwisha kujipaka poda yake ya thanaka usoni na kufunga mayai kwenye kitambaa. Akaniuliza, ni nani asiye na miguu na anaishi karibu na Buddha, kama si chatu wa hekaluni?

Mimi unanijua. Hata mkanda wa suruali nikiuona sakafuni naruka. Lakini mtu hamwachi mama yake aende peke yake kwa marehemu. Tukachukua bajaji.

Tuliwakuta chatu mahali pao, walewale waliotoka msituni wenyewe bila kuitwa na mtu. Wawili wembamba walikuwa wamejiviringisha chini ya sanamu, na wa tatu, mnene, amejimwaga mapajani mwa Buddha kama mwenye nyumba. Mama akasujudu kwanza kwa Buddha, kisha akamgeukia yule mnene akamwambia kwamba paa la jikoni linavuja. Chatu akageuza kichwa, akatazama ukutani.

Mama akanibana mkono mpaka nikaumia. "Ndiye!" akasema. "Si unamwona? Kila nilipotaja paa, macho ukutani!"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu. Watawa wakiwaosha chatu kwenye maji ya maua, Mama anaingiza mikono naye, anamsugua mgongo huku akimsuta kwa yote aliyoyaweka moyoni tangu wachumbiane. Mimi nilikuwa nasimama karibu na mlango, viatu mkononi. Siku moja akamletea hata tambuu. Mtawa mkuu, U Nandiya, mzee anayecheka kwa mabega tu, akamwambia kwa upole kwamba chatu hatafuni. Mama akamjibu kwamba hata zamani alikuwa hatafuni, alikuwa anameza.

Nilicheka, Kaka, lakini moyoni nilishukuru. Alikuwa anarudi nyumbani na njaa, na duka akalifungua tena.

Basi siku ya mwezi mpevu tukakuta mtu katutangulia. Mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mnadi, ameketi na chatu wetu mapajani, anamshawishi anywe yai. Nyuma yake amesimama mwanamke wa rika langu, ameshika mwavuli, naye yuko karibu na mlango kuliko mimi.

"Kunywa, Baba Yamin, kunywa," yule mama alikuwa anasema. "Umekonda."

Mama akamwendea kwa adabu zote. "Samahani, dada. Huyo uliyempakata ni mume wangu."

Yule akamwangalia juu mpaka chini. "Dada, umepotea. Wako labda yule mwembamba pale. Huyu ni Baba Yamin."

"Huyu ni Baba Thurein! Mwambie habari za paa uone!"

"Na wewe mkune shingo uone! Wangu ukimkuna shingo alikuwa halali, anazirai!"

"Wangu ndiye aliyekuwa anazirai!"

Mama akashika mkia. Yule mama hakuachia kichwa. Watu waliokuja kusali wakasahau sala zao, na muuza maua akaacha meza yake akaja kusimama mbele. Nilitamani sakafu inimeze.

U Nandiya ndiye aliyewatuliza. Alisema hakuna binadamu ajuaye chatu huyu alikuwa nani, lakini marehemu wote wawili wanaweza kuombewa pamoja, hapohapo. Kila mmoja amtajie jina la mumewe, si jina la mtoto, jina lake hasa.

Wakasema kwa mpigo mmoja: "U Pho Thaung, wa vyungu."

Natumaini bado umekaa, Kaka.

Nilimtazama yule msichana wa mwavuli, naye akanitazama. Pua ile! Pua tunayoilaumu katika kila picha yetu, ilikuwa imeketi usoni kwake bila haya. Unazikumbuka zile mashua za vyungu za Pakokku, zilizokuwa zikikwama mchangani na Baba ndani kila mwaka mwezi mzima? Hakuna kilichokwama. Daw Ohn Kyi, ndilo jina la yule mama, aliambiwa na watu wa mashua kwamba mumewe amefia Mandalay kwa washirika wake wa biashara, nao wamekwisha kumchoma. Washirika wenyewe ndio sisi.

Chatu akajikunjua taratibu, akapanda nyuma ya sanamu.

"Rudi hapa, Baba Thurein!" Mama akapiga kelele.

"Baba Yamin, rudi!" Daw Ohn Kyi naye.

"Rudini wote wawili!" akasema Mama, na hapo akaketi sakafuni akalia. Hata siku ya mazishi hakulia vile. Daw Ohn Kyi akaketi kando yake, na sikuona ni nani aliyemshika mwenzake mkono kwanza. Baadaye Mama akajifuta uso akasema, "Nimelia mwaka mzima peke yangu. Ningejua nina mwenzangu, tungelia kwa zamu."

Sitakuficha, mimi nina hasira. Naamka nayo. Na aliyebaki wa kukasirikiwa ni chatu, ambaye simsogelei. Nilimweleza Yamin, yule wa mwavuli, hivyo, akasema yeye pia ana hasira na yeye pia hamsogelei. Sasa wazee wakiwa ndani wanamwosha na kumsuta, sisi tunakaa nje tunakula dengu za kukaanga. Anacheka kama Baba. Siku nyingine hilo linanifurahisha, siku nyingine naangalia pembeni. Wewe utaamua mwenyewe ukija.

Yeye ni mdogo wangu kwa miezi michache, nimeuliza.

Jikinge na baridi. Mama anakusalimu sana. Mama wa Pakokku naye anakusalimu, anauliza kama huko unakula vizuri, na Mama amemwambia kwamba swali hilo lina mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa kitinda mimba,
Hnin Pwint