Mtoto au Toto

Ndugu yangu Shadraka,

Kesho baada ya ibada mdogo wako Zakayo anakuja kumchukua Ester. Nimeona nikuandikie leo, maana kesho sijui nitakuwa na moyo wa namna gani.

Binti yako hajambo. Tangu tulipokuzika amekaa nasi hapa Kangemi, kama ulivyoniomba. Amerefuka. Bado akiokota kipande cha mbao hukipuliza vumbi, akakinusa kwanza, kama wewe kule karakanani. Ameshinda mtihani wa darasa la nne, na nafasi ya darasa la tano ipo, Januari.

Lakini Zakayo ameachishwa kazi, na nyumba yake imejaa watoto. Amemtafutia Ester kazi kwa Wazungu wa Hurlingham, amsaidie yaya. Unajua kazi hiyo inaitwaje. Mpishi huitwa boi hata akiwa na mvi, na mtoto anayeosha sufuria au kusukuma kigari huitwa toto. Wamelichukua neno letu, wakalikata kichwa, wakalifanya cheo. Kitoto cha nyumba ile bado kinanyonya chupa, nacho Ester atakiita bwana mdogo.

Sasa sikia yaliyotokea kanisani. Mwezi uliopita mataifa yaliyokutana New York yalikubaliana juu ya haki za mtoto. Nilisoma katika gazeti la Kiingereza. Si jambo jipya kabisa. Baada ya vita ile ya kwanza, Ulaya ilipojaa yatima wenye njaa, watu waliandika mambo machache ambayo kila mtoto anawadai watu wazima, na mataifa ya wakati ule yakayapokea kule Geneva. Niliposoma hapo nilikukumbuka. Katika vita hiyo hiyo wewe ulibebeshwa masanduku ya risasi mpaka kwa Wadachi kule Tanganyika, na ndevu hujaota. Hakuna aliyekuuliza umri. Walikuwekea mzigo kichwani, na ulipoinuka nao wakasema huyu ni mtu mzima. Ulinisimulia hayo huku ukipiga randa, ukicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Basi niliyafasiri maneno hayo mapya kwa Kiswahili, na mchungaji akaniruhusu niyasome baada ya matangazo. Mtoto awe na jina na taifa tangu kuzaliwa. Asiajiriwe kabla ya umri unaofaa. Wakati wa shida awe miongoni mwa wa kwanza kusaidiwa. Watu walisikiliza kwa makini ajabu, nami nikafurahi. Tulipotoka nje, wapishi wawili wa Wazungu wa Kitisuru wakanijia na kuniuliza mshahara wa toto utapandishwa lini. Walikuwa wamesikia neno la kazini! Nikasimama juani nikieleza kwamba mtoto si toto, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyozidi kuanguka.

Zakayo alikuwa amesimama hapo. "Mwalimu," akasema, "kama dunia nzima imesema toto asaidiwe kwanza, si umwache Ester awahi kuwa toto?"

Watu wakacheka sana. Hata mimi, Shadraka. Mzaha wake ni wako mtupu.

Alinifuata mpaka nyumbani, na huko hakuwa na mzaha. Nilimweleza yote tangu mwanzo, akasikiliza mpaka nikamaliza. Nikamwambia karo ya Ester ni juu yangu. Akauliza kama watoto wake watakula madaftari. Kisha akasema taratibu, "Haki ya mtoto ni chakula, Mwalimu. Na chakula kiko Hurlingham."

Tamko lile si sheria. Hakuna askari atakayelitumia kumzuia mtu. Yeye ni baba mdogo wa msichana. Mimi ni rafiki wa marehemu tu.

Ester alikuwa nyuma ya mlango. Jioni, akichambua maharagwe, aliniuliza bila kuinua macho, "Mwalimu, mimi ni mtoto ama ni toto?"

Nikamwambia yeye ni mtoto. Akachambua kidogo.

"Na watoto wa baba mdogo, wao ni nini?"

Tangu hapo sina raha. Nimeyasoma tena maneno ya New York, yote. Ni mazuri. Lakini sikuona mahali panaposema mtoto mwenyewe aulizwe. Kwa hiyo nimemwomba Zakayo kwamba kesho Ester akae nasi kwenye meza uliyotutengenezea, tumuulize anataka nini. Amekubali upesi mno. Anamjua Ester. Nami namjua. Akiulizwa huku anawaza sufuria tupu ya ndugu zake, atasema nipelekeni Hurlingham, na sisi wazee tutajidanganya kwamba amechagua.

Mke wangu ndiye aliyeona njia. Amesema watoto wa Zakayo waje wote na baba yao, wale washibe, na kama Zakayo atakubali, wakae hapa mpaka apate kazi. Ameshaloweka mahindi na maharagwe. Ninachokiogopa ni Zakayo. Mtu aliyeachishwa kazi huona sahani ya jirani kama tusi, nami nina tabia ya kueleza sana. Nikifungua kinywa vibaya, atainuka na kuondoka naye. Ungekuwepo ungemtania kidogo, akaketi. Mimi sijui kutania.

Kaa salama ulipo, ndugu yangu. Nakuahidi haya tu: kesho Ester ataulizwa akiwa ameshiba, na ndugu zake wameshiba mbele ya macho yake, na atakalosema nitalisikia mpaka mwisho bila kumfundisha. Likiwa Hurlingham, nitakwenda Hurlingham kila Jumapili, nisimame kwenye mlango wa jikoni, na wakiniuliza namtafuta toto gani, nitasema namtafuta Ester, binti Shadraka.

Ni mimi,
Mwalimu wako